Wanyama Jirani Zetu: Tufanye Nini Kabla ya Kufika Hospitali?

Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya jambo ambalo sisi tunaokaa Karatu na Ngorongoro tumelizoea mno, hata tunasahau kwamba nalo ni jambo la afya. Ni kuishi jirani na wanyama wa porini.

Wageni hutoka nchi za mbali na kulipa fedha nyingi ili wamwone tembo kwa saa moja wakiwa ndani ya gari. Sisi tunamwona bure, tena akiwa katikati ya mahindi yetu. Kati ya mashamba yetu na ukingo wa kreta upo ule msitu mkubwa wa nyanda za juu, ambao ndio chanzo cha maji yetu. Humo wamo tembo, nyati, chui, fisi, nyani na nyoka wa kila namna. Mwaka 1959 Ngorongoro ilipotengwa kuwa eneo la hifadhi, ilikubaliwa kwamba wafugaji na wanyama waishi humo pamoja. Sisi wa upande wa mashamba hatukuwekewa mpango kama huo, lakini tembo hajui mpaka uko wapi. Kule Upper Kitete, kwa mfano, njia ya wanyama wanaoshuka kutoka msituni kwenda Selela na Manyara inapita jirani kabisa na watu.

Basi, kukutana nao hakuepukiki. Katika miaka mingi ya kazi yetu wodini tumejifunza jambo moja, nalo ndilo tunalotaka lifike katika kila nyumba mwezi huu. Wengi wa wale tuliowapoteza, au waliorudi nyumbani na kilema, hawakuharibiwa na mnyama peke yake. Waliharibiwa pia na yale yaliyofanyika baada ya mnyama kuondoka, na kwa saa zilizopotea kabla ya kufika kwetu.

KIJANA WA SHAMBA LA MBAAZI

Miaka kadhaa iliyopita tuliletewa kijana wa miaka kama 13. Alikuwa akivuna mbaazi pamoja na mama yake, akakanyaga karibu na nyoka mfupi, mnene, mwenye michirizi, aliyekuwa amelala bila kujisogeza. Huyo ni kifutu, ambaye wengine humwita bafe. Alimuuma juu kidogo ya kifundo cha mguu.

Baba yake alifanya yale aliyofundishwa na wazee wake. Alifunga mguu chini ya goti kwa kamba ya katani, akaikaza. Akachanja kwa wembe mahali palipoumwa. Kisha akaweka jiwe jeusi. Jiwe likashika. Jirani mmoja akasema, "Likishika namna hiyo, ujue linanyonya sumu. Msilitoe mpaka lidondoke lenyewe." Wakangoja. Lilidondoka kesho yake jioni. Walipofika kwetu ilikuwa siku ya tatu, mtoto yuko juu ya machela, na mguu chini ya ile kamba umekuwa mweusi.

Bibi yake alitushika mkono akauliza, "Nesi, sumu si imeshatoka? Mbona mguu haurudi?"

Tulimjibu, "Bibi, tutafanya yote tunayoweza," lakini tulijua. Dawa ya kuzuia sumu ya nyoka huikamata sumu inayozunguka mwilini. Nyama iliyokwisha kufa haiwezi kuifufua. Kijana alipona, lakini mguu ulikatwa chini ya goti.

JIWE JEUSI LILITOKA WAPI?

Hatuandiki haya ili kumlaumu baba yule. Alimpenda mwanawe na alifanya haraka. Tena ni lazima tuseme ukweli wote: jiwe lile hakulipata kwa mganga. Lilitoka misheni. Kwa miaka mingi wamisionari katika sehemu nyingi za Afrika waligawa jiwe jeusi wakiamini kwamba linasaidia. Sisi wenyewe, tulipoanza kazi, lilikuwamo katika droo ya chumba cha vidonda, nasi tuliwawekea watu bila kuuliza swali. Kwa hiyo, kama tulishiriki kulieneza, yatupasa sasa tushiriki kulikomesha.

Jiwe hilo kwa kweli si jiwe. Ni kipande cha mfupa wa mnyama uliochomwa mpaka ukawa mweusi. Mfupa uliochomwa una vitundu vidogo vidogo sana, ndiyo maana ukigusa damu hushika. Hunyonya damu kidogo ya juu juu, kisha hushiba na kudondoka. Sumu haikai juu juu. Meno ya nyoka ni kama sindano: hupeleka sumu chini ya ngozi, nayo husambaa mwilini. Lilipojaribiwa na wataalamu jiwe hili halikuonyesha faida yoyote, na Shirika la Afya Duniani linashauri lisitumike.

Mtu atauliza, "Mbona jirani yangu aliwekewa akapona?" Ni swali zuri. Nyoka wengi tunaowaona hawana sumu ya kumdhuru mtu. Na hata mwenye sumu kali mara nyingine huuma bila kuitoa. Mtu wa namna hiyo angepona hata kama angewekewa kipande cha mkaa. Jiwe linapata sifa kwa watu ambao hawakuwa na sumu mwilini. Kwa mwenye sumu, linakula saa zake.

UKIUMWA NA NYOKA

1. Ondoka mahali pale alipo nyoka. Usimfukuze ili umuue, maana wengi huumwa mara ya pili hapo. Kumleta nyoka hospitali si lazima. Ukiweza kumpiga picha kwa simu ukiwa mbali, vema. Usipoweza, tueleze tu rangi, unene na urefu wake.

2. Vua mara moja pete, saa, shanga na bangili za shaba. Mkono au mguu utavimba, na bangili itakata damu.

3. Usifunge kamba, usichanje, usinyonye kwa mdomo, usipake mafuta ya taa, usiweke jiwe wala barafu.

4. Funga kijiti au ubao kando ya mguu au mkono ulioumwa, kama unavyomfunga mtu aliyevunjika mfupa, bila kukaza. Sumu husambaa upesi mgonjwa anapotembea. Kwa hiyo abebwe. Kama chombo kilichopo ni pikipiki, akae katikati, dereva mbele na mtu wa kumshika nyuma. Akitapika au akisinzia, alale kwa ubavu.

5. Pigeni simu hospitali mkiwa njiani. Dawa ya kuzuia sumu ya nyoka ni ghali na ni adimu Afrika nzima. Mwaka 2014 dawa moja iliyokuwa ikitegemewa sana, iliyotengenezwa Ufaransa, iliachwa kutengenezwa, na chupa za mwisho zikaisha muda wake mwaka 2016. Si kila zahanati inayo. Ni afadhali kuuliza kwanza kuliko kumzungusha mgonjwa sehemu tatu.

Swila, yule nyoka anayetema, ana namna yake. Hutema sumu machoni, na maumivu yake ni makali sana. Mshike mgonjwa, fungua macho yake, yaoshe kwa maji safi mengi kwa muda wa dakika 15 au zaidi, kisha mlete. Usimpake dawa ya kienyeji machoni. Akioshwa upesi na kutibiwa, kwa kawaida macho hupona. Akicheleweshwa anaweza kupofuka.

Na tujikinge. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata mahindi. Ghala likiwa safi na mbali kidogo na mahali mnapolala, mmepunguza hatari. Fyekeni majani kuzunguka nyumba. Usiku tembea na tochi. Shambani vaa mabuti. Usiingize mkono katika shimo au chini ya rundo la kuni bila kupekua kwanza kwa fimbo. Na chandarua, kikichomekwa vizuri chini ya godoro, kinazuia mbu na nyoka pia.

MBWA, MBWEHA NA FISI

Jeraha la nyoka huogopwa na kila mtu. Lipo jeraha jingine dogo ambalo watu hulidharau, nalo huua kwa hakika zaidi. Ni lile la mnyama mwenye kichaa cha mbwa.

Tunamkumbuka binti mmoja wa darasa la pili. Mbwa wa kwao alikuwa amepigana uani na mbweha aliyeingia mchana kweupe, bila kuogopa watu. Baada ya wiki chache mbwa akabadilika tabia, akamng'ata mtoto kidoleni, akatoweka. Kidonda kilikuwa kama cha mwiba. Mama alikifunga kitambaa, kikapona. Karibu miezi miwili baadaye mtoto akaanza homa na kuwashwa mkono. Alipoletwa kwetu alikuwa na kiu, akaomba maji, na kikombe kilipomkaribia koo likambana akakisukuma. Tulipoona hivyo tulitazamana bila kusema neno. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili, hakuna dawa ya kuuponya. Tulikaa naye mpaka mwisho.

Wazazi wapendwa, mtoto yule angeweza kuwa hai leo kwa sabuni, maji na chanjo. Vijidudu vya kichaa cha mbwa viko katika mate ya mnyama. Vikiingia kidondani hutembea polepole kupitia mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua wiki kadhaa au miezi, na huwa fupi zaidi kama jeraha liko usoni au kichwani. Huo ndio muda wetu wa kuokoa maisha. Fanyeni hivi:

Osheni kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Tazama saa. Kuosha huku kunaondoa vijidudu vingi kabla havijaingia ndani. Kisha njoo hospitali siku hiyo hiyo uanze chanjo, upate pia kinga ya pepopunda. Chanjo hutolewa kwa awamu: siku ya kuanza, siku ya 3, siku ya 7, na kuendelea kadiri mhudumu atakavyokupangia. Usiache katikati kwa sababu kidonda kimepona. Kidonda kupona hakuna maana yoyote katika ugonjwa huu.

Hii si kwa mbwa peke yake. Fisi, mbweha, nyegere, paka na hata ng'ombe au punda aliyeng'atwa wanaweza kuwa nao. Fisi huweza kumng'ata usoni mtu aliyelala nje, na huyo asikawie hata saa moja. Mnyama wa porini asiyeogopa watu, anayeingia uani mchana, msimsogelee wala watoto wasimchezee. Nyani nao, hasa wale waliozoea kupewa vyakula kandokando ya barabara, huuma vibaya, na jeraha lao lioshwe na kuletwa vivyo hivyo.

Tunajua chanjo ni gharama, na tunajua mara nyingine haipatikani kituo cha kwanza. Baba mmoja alituuliza kama kweli auze mbuzi wawili kwa ajili ya alama ndogo ya meno. Tulimwambia, "Baba, uza." Aliuza, na mwanawe yuko sekondari sasa.

Njia iliyo nafuu kuliko zote ni kuwachanja mbwa. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hauna pa kupita. Katika vijiji vinavyopakana na Serengeti kazi hiyo ilianza miaka ya 1990, na inawakinga watu na wanyama pia. Maana mbwa wetu nao huwadhuru wanyama: mwaka 1994 ugonjwa mwingine unaohusiana na mbwa, uitwao distempa, uliua simba wapatao 1,000 wa Serengeti. Bwana mifugo akitangaza siku ya chanjo, jumuiya zikumbushane, na watoto wapeleke mbwa wao.

SAA ZA HATARI

Sasa tuje kwa wakubwa: tembo, nyati na simba. Hapa dawa yetu ni chache, na tahadhari ndiyo tiba.

Mwezi Agosti mwaka 2021, katika kijiji cha Ngoile huko Ngorongoro, watoto wanne walitoka shule wakaenda kuwatafuta ng'ombe waliopotea. Walikutana na simba. Watatu, wenye umri wa kati ya miaka 9 na 11, waliuawa, na wa nne akajeruhiwa. Hatuna la kuwaambia wazazi wale ila kulia nao. Lakini kwetu sote limebaki swali: ni nani katika nyumba yetu anayetumwa kutafuta mfugo jua linapozama? Mara nyingi ni mtoto, kwa sababu baba hajarudi na mama anapika. Tunaomba jambo moja kwa akina baba. Ng'ombe akipotea jioni, wakamtafute watu wazima wakiwa kundi, au asubiriwe mpaka asubuhi. Ng'ombe hununuliwa tena.

Alfajiri na magharibi ndizo saa ambazo wanyama hutembea, nasi ndizo tunazofuata maji, kuni, shule na Misa ya kwanza. Tembeeni wengi pamoja, mkizungumza kwa sauti, ili mnyama asishtuke. Nyati dume anayekaa peke yake kichakani ni wa kuogopwa sana, kwa kuwa hakimbii na hatoi onyo. Ukiona kinyesi kibichi au nyayo mpya zinazoingia kichakani, rudi. Kuni za kesho zipo.

Tembo huja mahindi yanapokomaa. Msimlaumu bure. Mwili wake unahitaji takriban kilo 150 za chakula kwa siku, na shamba moja kwake ni kama sahani iliyoandaliwa. Hata chumvi huitafuta kwa taabu: walioingia katika msitu wa juu ya Karatu wameona mapango ambayo tembo wameyachimba kwa meno yao ili kula udongo wenye madini. Wengi tunaowapokea wameumia usiku, walipomkaribia kwa mawe na moto, au walipokwenda kumfukuza baada ya pombe. Msimzunguke, msikae kati ya mama na mtoto wake, mwachieni njia ya kurudi msituni. Wito kwa askari wa wanyamapori uende mapema.

Zipo njia zisizomwaga damu. Kenya, mtafiti Lucy King na wenzake walionyesha kwamba tembo huogopa nyuki, na mizinga ikiningʼinizwa kwenye waya kuzunguka shamba huwazuia wengi, na asali inabaki kwa mkulima. Wengine hupaka kwenye kamba pilipili iliyochanganywa na oili chafu. Si kinga kamili, lakini ni salama kuliko kulala shambani na mtoto kwenye baridi.

Mtu akipigwa pembe au kukanyagwa, gandamiza panapotoka damu kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia. Kama matumbo yametoka, usiyarudishe. Yafunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji safi. Usimpe chakula wala chai, maana huenda atahitaji upasuaji. Mbebeni juu ya kitu kigumu kilichonyooka, kama ubao au mlango.

NYAMA YA MZOGA

Mnyama akikutwa amekufa ghafla, awe nyumbu, swala au ng'ombe wako mwenyewe, na hasa kama damu inatoka puani na kwenye haja bila kuganda, msimchune. Huenda ni kimeta, ambacho katika eneo la Ngorongoro si kigeni. Vijidudu vyake hukaa udongoni miaka mingi, na kuchemsha nyama hakutoshi kuwa kinga. Aliyechuna huota kipele kinachowasha, kisha kinakuwa kidonda cheusi katikati, kisichouma, na pembeni panavimba. Wengi hukaa nyumbani kwa sababu hakiumi. Njoo mapema. Kimeta kikigunduliwa mapema hutibika kwa dawa za kawaida. Mwiteni bwana mifugo aone namna ya kuuzika au kuuchoma mzoga.

KARATASI ZITAFUATA

Mwisho, jambo linalochelewesha wengi. Serikali kwa kanuni za mwaka 2011 iliweka kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Ni haki yenu kuomba. Toeni taarifa mara moja kwa ofisi ya kijiji na kwa afisa wanyamapori, na hospitali itaandika maelezo ya majeraha. Lakini tumeona mgonjwa akikaa juu ya machela nje ya ofisi akingoja mhuri. Mgonjwa atangulie. Ndugu mmoja abaki kufuatilia karatasi.

Tunaomba kila jumuiya ndogondogo ifanye mambo matatu mwezi huu. Andikeni namba za simu za hospitali, za dereva mwenye gari au pikipiki, na za askari wa wanyamapori, mzibandike mahali watu wote wanapoona. Hesabuni mbwa wenu, mjue ni wangapi hawajachanjwa. Na mwenye jiwe jeusi nyumbani atuletee, hatutamcheka. Letu tulilokuwa nalo droni tulilitupa siku ile kijana wa mbaazi alipotoka chumba cha upasuaji.

Anaendelea vizuri, kwa wanaouliza. Ni fundi cherehani, naye ndiye anayetushonea sare za wauguzi. Kila akija kutupima hutuuliza kama bado wanaletwa watu waliofungwa kamba. Tungependa mwaka huu tumjibu kwamba hawaletwi tena.